Mwaka wa Majoho ya Rangi Mbili

Nilikisikia chumba kile kabla sijakiona. Nilikuwa nimesimama katika duka la vitambaa la Bwana Pravin, Kariakoo, nimeambiwa nisubiri, na juu ya kichwa changu dari ya mbao ilikuwa inanguruma: cherehani za kukanyaga, nyingi, zikienda kasi pamoja kama mvua juu ya bati. Halafu zote zikakoma mara moja. Katikati ya kile kimya nikasikia sauti ya msichana ikisema jambo, sauti ya mwanamke mtu mzima ikimjibu, kisha chumba kizima kikacheka, na mguu wa kwanza ukaanza kukanyaga tena. Nilipanda ngazi nikiwa nimeshapapenda mahali nisipopajua.

Wiki iliyopita nilikuwa Ilala, nimekaa kwenye mkeka, kwenye matanga ya Hamidu. Mwanamke mmoja aliyewahi kushona chini yake, baada ya wakati wangu, alikuwa akiwasimulia wenzake huku akichambua mchele: "Marehemu alikuwa kiongozi bwana. Alitunyoosha." Wengine wakaitikia kwa kichwa. Mimi nikasema, "Kwani mlikuwa waya?" Rehema, rafiki yangu wa tangu miaka ile, akanifinya paja. "Tatu, hapa msibani." Nikamwambia najua ni msibani, ndiyo maana nimekuja na sukari na nimemwombea marehemu kwa moyo mmoja. Lakini kumwombea mtu ni jambo moja, na kukubali alichokifanya ni jambo jingine. Nimeshafika umri ambao watu wanatarajia nilainike, niseme kila aliyeniamuru alikuwa ananifunza. Sijalainika. Naandika mwaka ule kama ulivyokuwa.

Chumba kilikuwa kirefu na chembamba, na upande wa barabarani kilikuwa na madirisha makubwa ya zamani ambayo mabawa yake yalikuwa hayafungiki vizuri. Mwanga wote wa Kariakoo uliingia humo, pamoja na kelele za wauza mitumba, harufu ya karanga za kukaanga, na vumbi. Cherehani zilipangwa nusu duara kuelekea madirishani, na katikati ilikaa meza ya kukatia, ndefu kama jahazi, imechakaa ikawa laini kama sabuni. Mezani alisimama Mzee Kassim, mkataji, mtu mwembamba wa maneno machache aliyekuwa na mazoea ya kukiongelesha kitambaa kabla hajakikata. Na aliyekiongoza chumba alikuwa Bi Salma.

Kile kimya nilichokisikia nikiwa chini kilikuwa desturi yake. Mtu yeyote aliyekuwemo mle, hata aliyeingia asubuhi ile ile na hajui kutunga uzi, aliruhusiwa kusema, "Mkasi chini." Akisema hivyo, Mzee Kassim alilaza mkasi mezani, miguu yote ikaacha kukanyaga, na aliyesema akaeleza alichokiona: pengine doa, pengine chaki imepinda, pengine kipimo cha bega la bibi harusi hakimkai mtu aliye hai. Kama amesema kweli, kazi ilisahihishwa na hakuna aliyeulizwa kosa lilikuwa la nani. Kama amekosea, alichemsha chai ya alasiri. Adhabu ilikuwa hiyo tu. Mimi nilichemsha chai mara nyingi mpaka Rehema akasema nimeajiriwa jikoni.

"Shikamoo Bi Salma," nilimwambia siku ya kwanza.

"Marahaba mwanangu. Unajua kushona?"

"Kidogo."

"Unajua kusema?"

Rehema, aliyekuwa akipiga pindo karibu na dirisha, akadakia bila kuinua uso: "Huyo atajifunza, Bi Salma. Ana mdomo wa kusema, umefungwa tu."

Sitaki mtu afikiri kwamba Bi Salma alikuwa malaika. Kazi zake zilichelewa. Wateja walipanda ngazi wakifoka, na yeye aliwapokea kwa kahawa na kashata mpaka wakasahau walichojia, wakashuka tena bila gauni. Alikuwa na upendeleo, na kama umemuudhi asubuhi alikununia mpaka jioni. Lakini saa ya chakula alitandika mkeka chini ya madirisha, mbali na vitambaa, na sinia la wali na samaki wa kupaka likawekwa katikati, na sote tukala humo, mikono yetu ikigongana, Mzee Kassim akitusogezea minofu sisi wasichana huku akijifanya hapendi samaki. Tukila tulibishana kazi. Kola ile ikae vipi. Mkunjo ule umwanzie mteja wapi ili tumbo lisionekane. Nimefanya kazi mahali pengi tangu wakati ule, baadhi yake mahali penye meza za vioo, na sijaona tena watu wakibishana juu ya kazi na midomo yao imejaa wali. Jioni hatukuwa na haraka ya kuondoka. Hakuna aliyetubakiza. Mtu alitaka tu aione nguo yake imesimama kabla hajaenda nyumbani.

Miguu ya Bi Salma ilianza kuvimba wakati wa mvua za masika, na ngazi zikamshinda. Binti yake alikuja kumchukua. Aliondoka akiwa amekaa kwenye kiti kilichobebwa na wapagazi wa sokoni, akiwapungia watu kama bibi harusi, na sisi tulicheka mpaka kiti kilipopotea kwenye kona. Kisha Rehema akaanza kulia, na tukamfuata wote. Bwana Pravin, mwenye duka na mwenye cherehani zote zile, akamleta Hamidu.

Hamidu hakuwa mgeni wa kazi, na hili lazima niliseme kwa haki. Mikono yake ilikuwa bora kuliko yetu sote. Alikuwa amekulia katika chumba cha fundi mmoja mkali wa Buguruni, ambako mwanafunzi aliyeuliza swali alichapwa rula ya mbao kwenye vifundo vya vidole, na vifundo vyake bado vilikuwa na alama. Hakupiga mtu. Hakufoka hata siku moja. Alisema kwa sauti ya chini, ya upole, kama mtu anayemlaza mtoto, na kwa sauti hiyo hiyo akaagiza cherehani zote zigeuzwe zitazame ukuta. Dirisha linaiba macho, alisema. Akafunga mabawa yaliyokuwa hayafungiki, akayapigilia ubao, akaweka taa za tyubu na feni moja kubwa. Feni ilikuwa nzuri. Hatukuwahi kuwa na feni.

Siku ya kwanza Rehema alisema, "Mkasi chini," kwa sababu alikuwa ameona uzi wa mshono unakatika. Miguu ikakoma kwa mazoea. Hamidu akaja, akasimama nyuma yake.

"Nani amewaambia msimame?"

"Ni desturi yetu, kaka," Rehema akasema. "Mtu akiona kitu anasema, tunasimama kidogo."

"Mkasi ni wa nani?"

"Wa Mzee Kassim."

"Basi mwachie Mzee Kassim mkasi wake. Wewe una pindo. Piga pindo. Kuona ni kazi yangu, ndiyo maana nikaletwa." Akatutazama mmoja mmoja, bila chuki. "Hapa si baraza la kahawa. Kila mtu kipande chake. Fikra niachieni mimi, mtapumzika."

Na kweli tulipumzika, na hapo ndipo jambo lenyewe lilipo. Watu wanadhani uongozi wa namna ile unawachosha wafanyakazi. Haukutuchosha. Ulitupumzisha mno. Mmoja alishona mikono tu, mmoja kola tu, mimi nilishona vifungo na vishikizo, na vipande vilipita mbele yangu kama magari ya watu wengine. Sikujua tena gauni lile lingevaliwa na nani wala lingekwenda wapi. Kazi zilitoka kwa wakati, wateja wakaacha kufoka, Bwana Pravin akashuka ngazi akitabasamu. Tulikula kwa zamu, wawili wawili, tumekaa ngazini na vyombo vya mama ntilie magotini, tukimeza haraka. Mkeka ulikunjwa ukawekwa stoo. Tulikuwa tunafika asubuhi kwa wakati, sote, kila siku. Mwili ulifika, ukakaa, ukakanyaga, lakini mwenyewe alikuwa amebaki kitandani. Jioni feni ilipozimwa tulikuwa tumeshashika mikoba.

"Hivi unaona tulivyo?" Rehema aliniuliza siku moja ngazini. "Jana nimeona zipu imeshonwa kinyume. Nikaipitisha. Wala moyo haukunigonga."

"Ungemwambia."

"Nimwambie nini, Tatu? Kuona si kazi yangu." Akalamba vidole, akacheka kidogo, kicheko ambacho sikukipenda. "Napumzika."

Mwishoni mwa mwaka ilikuja kazi kubwa kuliko zote. Kwaya moja ya kanisa ilitaka majoho ya mahameli, rangi ya damu ya mzee, kwa ajili ya tamasha lao. Anayeijua mahameli anajua tabia yake: ina vinyweleo, na vinyweleo hivyo vinalala upande mmoja kama manyoya ya paka. Ukipitisha kiganja kuelekea chini, rangi inang'aa. Ukikipandisha, inazama na kuwa nyeusi. Kwa hiyo vipande vyote vya joho moja lazima vielekee upande mmoja, la sivyo nguo inakuwa ya rangi mbili. Hamidu aliyajua haya kuliko mtu yeyote. Lakini kitambaa kilikuwa kimepungua, na mzigo mwingine haukuwa umefika, na yeye alikuwa ameshaahidi. Akapanga mwenyewe karatasi za mkato juu ya kitambaa, vichwa huku na miguu kule, zikibanana kama dagaa mkebeni, ili vipande vyote vitoshe. Chini ya taa za tyubu, na madirisha yamefungwa, mahameli ile ya manyoya mafupi ilionekana rangi moja. Akapitisha kiganja, akainamisha kichwa, akaridhika.

Mzee Kassim alishika mkasi, hakukata. Akakiongelesha kitambaa kwa sauti ndogo, kisha akamgeukia. "Hamidu mwanangu, kwenye jua, mahameli hii…"

"Kata, mzee."

"Nasema tungeipeleka kwenye mwanga kwanza."

"Mzee Kassim. Kata."

Miguu yetu ilikuwa inakanyaga. Nakumbuka vizuri migongo ya watu ikikaza. Kila mmoja alikuwa amesikia, kila mmoja alijua, maana sote tulikuwa tumeshawahi kuishika mahameli wakati wa Bi Salma na kuipeleka dirishani kuiuliza. Maneno mawili yalikuwa yamekaa kwenye kila ulimi. Hakuna aliyeyasema. Mkasi ukaanza kula kitambaa, na sauti yake kwenye mahameli ni laini sana, kama mtu anayetembea kwenye unga. Wasomaji wanaosubiri nitubu kwa kimya kile watasubiri sana. Tulikuwa tumeambiwa tuache kuona, na tulitii, na utii wetu ulikuwa na utamu wake. Nilikaza kifungo na nikajihisi mwepesi. Kiongozi anayewavua watu macho asije akauliza baadaye kwa nini hawakumwonyesha shimo.

Majoho yalitoka kwa wakati. Yalipigwa pasi, yakakunjwa. Mwalimu wa kwaya, mtu mnene mwenye ucheshi, alipanda na waimbaji wake wawili kuyachukua, na wale vijana wakayavaa na kushuka nayo hadi barabarani ili wajitazame kwenye kioo cha duka la jirani. Mwalimu aliwafuata, na tukasikia sauti yake kutoka chini, ikipanda ngazi kabla yake.

"Fundi, njoo ututazame. Njoo uone. Tumekuja watu, tunaondoka punda milia."

Tukashuka sote, ruhusa ikiwa haijaombwa. Katika jua la saa sita za mchana vijana wale walikuwa wamesimama, bega moja linang'aa kama zabibu, jingine limezama kama lililoloa maji. Kifua huku, mgongo kule. Watoto wa mtaani walikuwa wameshaanza kucheka. Mmoja wa waimbaji, kijana mwembamba sana, alikuwa anajipangusa bega kama vile rangi ingetoka. Huyo ndiye niliyemwonea huruma. Bwana Pravin akatoka dukani, akashika joho, akapitisha kiganja juu, akapitisha chini, akamtazama Hamidu.

"Nani amekata hii?"

Hamidu akajibu kwa sauti ile ile ya kumlaza mtoto. "Mkataji ni Mzee Kassim."

Na haikuwa uongo. Mzee Kassim hakujitetea. Aliangalia viatu vyake. Bwana Pravin akasema atapanda kesho asubuhi kusikiliza watu wote, kisha ataamua, na mtu wa umri wa Mzee Kassim, Kariakoo nzima ikishajua kwamba ameharibu mahameli ya kanisa, alikuwa hana mahali pengine pa kusimama na mkasi.

Jioni ile Hamidu aliniita stoo. Alikuwa amekaa juu ya mabunda ya bitana, na kwa mara ya kwanza nilimwona amechoka. Akaniambia kwamba ameniangalia kwa muda, kwamba nina jicho, kwamba anahitaji msimamizi wa upande wa wanawake. Bwana Pravin ananiamini kwa sababu sina makundi. Kesho akiniuliza, niseme nilichokiona: Mzee Kassim akikata.

"Na karatasi?" nikauliza. "Nani alizipanga?"

"Hutaulizwa habari za karatasi."

"Kaka Hamidu, mzee alikwambia ipelekwe kwenye mwanga."

Akajisugua vifundo vya vidole. "Unajua nilivyolelewa mimi kazini? Fundi wangu akikosea, kosa lilikuwa letu. Hatukufa. Tulijifunza. Kiongozi akionekana anakosea, Tatu, chumba kinavunjika."

Nililala nikiwa nimeshaamua, sitadanganya kwamba nilihangaika. Nilijua nini nitasema, na nilijua nitapoteza nini, kwa kuwa nilikuwa nimepanga chumba na dada yangu Magomeni na mapato yangu ndiyo yaliyokuwa yakitushikilia.

Asubuhi Bwana Pravin akapanda. Sote tukasimama kando ya cherehani zetu, migongo ukutani. Akaanza na mimi, kama Hamidu alivyotarajia.

"Tatu. Uliona Mzee Kassim akikata?"

"Niliona. Na niliona Kaka Hamidu akipanga karatasi, vichwa huku na miguu kule. Na nilimsikia mzee akiomba kitambaa kipelekwe kwenye mwanga, akaambiwa akate. Sote tulisikia, Bwana Pravin. Sote tulijua yatatokea haya, na tulinyamaza kwa sababu tuliagizwa tunyamaze. Hata ukimwondoa mzee leo, kesho tutanyamaza tena."

Feni ikazunguka. Rehema akasema, akitazama sakafu, "Ndiyo hivyo." Kisha mwingine, na mwingine, sauti ndogo ndogo, kama watu wanaojaribu koo baada ya ugonjwa. Bwana Pravin alikuwa mfanyabiashara, na hakupenda maneno marefu. Alimwambia Mzee Kassim mahameli nyingine itakuja, akate upya, na safari hii kitambaa kishushwe barabarani kwanza. Mzee akaweka mkono kifuani. Alikuwa amebaki kazini. Halafu Hamidu akasema, kwa upole, kwamba yeye hawezi kukiongoza chumba chenye mtu aliyemvua nguo mbele ya tajiri wake. Kati yangu na yeye, mmoja hatarudi. Bwana Pravin akamtazama yeye, akafikiria kazi zinazotoka kwa wakati, akanitazama mimi, mshona vifungo. Niliyaona mawazo yake yakipita wazi kabisa.

"Omba radhi, mwanangu, yaishe," Mzee Kassim akaniambia kwa kunong'ona. Yule yule niliyemsemea. "Neno moja tu. Mkubwa hakosi, hukosewa."

"Tatu, sema tu radhi," Rehema akasema. "Si lazima uimaanishe."

Nilijua hawakuwa wakinisaliti. Walitaka nibaki. Lakini radhi ile ingekuwa ndiyo ubao wa mwisho kwenye madirisha yale, na mwenye kuupigilia ningekuwa mimi. Nikasema sina cha kuombea radhi. Nikavua kipande cha sponji chenye sindano nilichokuwa nimekifunga mkononi, nikakiweka juu ya cherehani, nikajifunga khanga yangu vizuri, nikawapa mkono mmoja mmoja. Rehema alikataa kunipa wake. Alikuwa amekasirika, machozi yanamtoka. Msibani wiki iliyopita aliniambia kwamba baada yangu Hamidu alianza kushusha kila kitambaa barabarani, na baadaye sana alifungua dirisha moja. "Uliondoka ukatuachia kazi ya kumbadilisha," alisema. Pengine. Dirisha moja kwa mwaka mzima wa maisha yangu. Sisemi ni dogo, wala sisemi lilitosha.

Hamidu alinifuata hadi mlangoni. Tukasimama pale, yeye ndani, mimi ngazini, na kwa kuwa wengine hawakutuona, uso wake ukawa wa kijana tu, wa rika langu karibu.

"Ungekuwa wewe," akasema, "kitambaa hakitoshi, umeahidi watu, wote wanakutazama. Ungefanyaje?"

"Ningewauliza, kaka. Wote walikuwa wamekaa pale."

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa neno la lugha aliyowahi kuijua utotoni. Nikadhani atajibu. Nikashuka ngazi ya kwanza, nikashuka ya pili, na nyuma yangu mlango ukafungwa.